Nyonga ya Tukuswiga

Mwanangu Tukuswiga alikuwa na mwili, na sisi mwili ule tuliufurahia. Akija kwetu Itumba, wilayani Ileje, kutoka Tunduma, alikokuwa anauza maharage, wanawake wa kanisani walimshika mikono wakisema, "Huyu mumewe anamtunza!" Alikuwa na kisukari, anajichoma insulini, lakini nani angemwona mgonjwa?

Mwezi wa pili tulifiwa na shemeji yangu Yesaya. Msibani kwetu mwanamke hukaa chini, mkekani. Nilimsogezea kigoda.

"Mama, unataka waseme wa Tunduma kaja kujikweza?"

"Waseme. Wewe ni mgonjwa."

"Mifupa yangu mimi ni ya tembo."

Waliokaa karibu wakacheka, mkono mdomoni. Akakaa chini mpaka miguu ikafa ganzi. Tulipoinuka kuomba, mguu ukamkataa, akaanguka kiubavu pale pale mkekani.

"Dada, umeitikisa Ileje yote!" Mbonile, mtoto wa marehemu, akamtania.

Lakini mimi nilisikia alivyolia. Nikajua.

Hospitalini picha ikaonyesha nyonga imevunjika. Nikamwuliza daktari Ambakisye, "Mtu mnene hivi, anavunjikaje mkekani?"

"Mama, wengi wanadhani unene ni uimara. Hata kwenye picha mfupa wake unaonekana mzito. Ila sukari ikikaa juu miaka mingi, inauchakaza kwa ndani. Mafuta ya tumboni nayo yanaizuia insulini isifanye kazi vizuri, na mfupa unaihitaji ili ujijenge." Akamgeukia mwanangu. "Sindano unachoma kila siku?"

Tukuswiga akatazama ukutani. "Nilipunguza. Wenzangu sokoni walisema ndiyo inayoninenepesha."

"Kweli, inaweza kuongeza uzito. Ungetuambia, dada yangu, tungepanga pamoja."

Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu.

Upasuaji ukangoja sukari ishuke. Nikawa namgeuza, namwogesha, namsomea Zaburi. Kila mara swali lilikuwa moja: "Mama, nitasimama tena?"

"Mungu yupo, mwanangu."

"Yupo, najua. Nimeuliza kama nitasimama."

Nikamshika mkono.

Sukari ikashuka kweli, nikamshukuru Bwana kwa sauti mpaka muuguzi akatabasamu. Wakatuambia kesho anaingia chumba cha upasuaji. Kesho yake asubuhi pumzi ikambana ghafla. Wakasema ni damu iliyoganda mguuni kwa kulala siku nyingi, imepanda kifuani. Aliniangalia mimi tu, hadi macho yakatulia.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Neno hilo ninalisema, na ninaliamini, ila linapita kooni kama mwiba wa samaki.

Tulipomwogesha, ule mguu ulikuwa umefupika na kugeukia nje. Mama mmoja akaushika ili aunyooshe ulingane na mwenzake.

"Uache," nikamwambia. "Unamuuma."

Hakuna aliyenisahihisha.