Diski Tatu za Kamati

Mwaka ule wa vita, barabara ya Rumonge ikipitika asubuhi hakuna aliyejua kama itapitika mchana. Ndipo Jephté, fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, alipopewa kazi ya kuchagua diski za kuhifadhia sauti.

Ofisi yao pale sokoni ilipokea kaseti za salamu kwa jamaa kutoka kwa waliokimbilia Tanzania, ikaweka sauti zao kwenye ordinateri, kisha ikafuta kaseti zitumike tena, maana zilikuwa chache kuliko maneno ya watu. Bomu likianguka hapo, sauti zote zimekwenda. Kwa hiyo ilitakiwa ordinateri ya akiba, iwekwe mbali, Kigwena, katika chumba nyuma ya kinu cha mawese.

"Diski mbili kubwa zinatosha, na kadi ya RAID," Jephté aliieleza kamati ya ofisi taratibu. "Kadi inaandika kitu kilekile kwa zote mbili. Moja ikifa, ingine iko nzima."

"Mbili?" akasema mzee Karimu, fundi cherehani. "Na kamati tuko watatu?"

"Atakayekosa namujua," akasema mama Cibalonza, mwuza ndagala, dagaa wa ziwani, mwenyewe mzaliwa wa Kongo. "Ni Mukongomani."

Katekista Bienfait, mjumbe wa tatu, alitazama dari, kama mtu anayemwachia Mungu aibu ile.

Jephté akakubali njia nyingine. Diski tatu, kadi inagawa kila sauti vipande kwa zote. Mbili zozote zikiwepo, kipande cha ile ya tatu kadi inakipata yenyewe. Moja peke yake haisemi kitu. Aliyaeleza yote hayo, kamati ikasikia "tatu".

Mara tu zilipofungwa kwenye droo za kuchomoa za ordinateri ya Kigwena, kila mjumbe akachomoa yake akaenda nayo nyumbani. Jephté hakubisha. Serikali ya mpito kule Bujumbura iliendeshwa hivyohivyo, kila chama na kipande chake, nayo haikuwa na kadi. Kaseti mpya zikija, wote watatu hupanda basi hadi Kigwena, diski mkobani, wakikaa pamoja kama wachumba waliolazimishwa.

Kisha bomu likaanguka kweli, ofisi ikaungua. Siku iliyofuata Chausiku akateremka kutoka milimani. Aliambiwa kaseti ya mumewe Radjabu imefika. Ilikuwa imefika, imenakiliwa, imefutwa.

"Mutumbwi wangu unaondoka kesho kwenda Kigoma," alisema. "Kambi ni nyingi. Sijui yake ni ipi."

Jephté naye hakujua. Hakuwa na desturi ya kusikiliza ya watu.

Mama Cibalonza alikuwa amekimbilia kwao Uvira, na diski yake ndani ya gunia la ndagala. Zilibaki mbili, lakini mbuzi wa katekista alikuwa amekula kanzu ya mteja wa Karimu, na wazee hao walikuwa hawasemezani.

"Mimi siingii chumba kimoja na yule," Karimu alisema.

"Si lazima uingie, baba. Iingie diski."

Karimu akafikiri, kisha akamtuma mkewe Jamila, diski imefungwa kwenye kitenge. Bienfait alikuja na ya kwake mwenyewe, akaiweka kwenye droo akimwomba Jamila amsalimie mzee, "kama anapokea salamu."

Mashine ikalia, ikanung'unika, ikasoma. Sauti ya Radjabu ikatoka:

"Chausiku, niko Mtabila. Njoo na watoto na sufuria kubwa. Mama yako, mwache kwanza apumzike."

Chausiku akaisogelea mashine.

"Rudisha pale kwa kambi," akasema. "Hapo pa mama nimesikia."

Jephté akarudisha. Chausiku akaitamka Mtabila mara mbili, akasema murakoze, asante ya Kirundi, akatoka kwenda kumwambia mama yake afunge mizigo.