Shimo Chini ya Gari la Otmar

Kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta gari limepiga magoti. Jioni tuliliacha limesimama, limenyooka kama magari ya watu wengine. Usiku hewa ilivuja kwenye mifuko yake ya mbele, na kukicha pua iko chini na makalio yapo juu, palepale mbele ya mlango wangu. Majirani zetu wa Ushirombo, ambao tunakaa nao benchi moja kanisani, walipata la kusema. "Mama Vaileth, gari lenu halijamaliza rozari tu?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye niliacha, maana hata kucheka kunataka nguvu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, refu, la kijani, na halikuwa na springi za chuma kama magari tuliyoyazoea. Lilikalia mifuko minne ya mpira mnene, mmoja kwa kila gurudumu, na kompresa ndogo ndani ya boneti iliijaza hewa. Ukiwasha injini, lilijiinua lenyewe. Ukipakia mizigo nyuma, lilijipima na kujisawazisha bila kuambiwa na mtu. Mume wangu Otmar alikuwa dereva wa Wazungu watafiti wa dhahabu kule Geita, na walipofunga kambi, mkubwa wao alimwachia gari hilo kama asante. Mpira wa mifuko ulikuwa umeshaanza kupasuka nyufa. Asante ya namna hiyo mimi nisingeipokea, lakini sikuulizwa.

Mwaka ule ulikuwa wa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimeozesha pamba yetu shambani, na mahindi tuliyovuna yalinuka uvundo. Otmar aliniambia mambo mawili. Gari likisimama, atabeba abiria siku za mnada, Ushirombo na Runzewe, mpaka Kahama barabara ikikauka. Lisiposimama, ataondoka na mdogo wake Bujiku kwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa. Aliyasema hayo huku anamenya muwa, kama mtu anayesema kesho atapeleka mahindi mashineni.

Mimi Rwamgasa sikuitaka hata kuisikia. Mume wa Klara, jirani yangu wa upande wa kisimani, alikwenda huko akafukiwa, na hawakumtoa. Wenzake walileta shuka lake na viatu. Klara aliuliza sasa azike nini, na hakuna mwanamume aliyemjibu. Otmar alikuwa ameshafika miaka hamsini, mgongo wake umeharibiwa na usukani, na usiku nilimsikia akigeuka kwa vipande vipande. Huyo ndiye wa kushushwa kwa kamba. Kwa hiyo lile gari nililichukia na kuliombea kwa wakati mmoja, na kazi hizo mbili zinachosha.

Bujiku alikuja baada ya Pasaka, begi moja mgongoni na kikohozi kikavu. Jina lake la ubatizo alilitupa zamani, sijui barabara gani. Alisema amekuja kutusalimu. Nilimkaribisha, nikampikia, nikamtandikia, lakini nilijua kilichomleta. Mtu hatoki kwenye dhahabu kuja kusalimia mahindi yaliyooza. Siku nenda siku rudi hakuondoka, na kila nilipowaona yeye na kaka yake wameinamisha vichwa pamoja, roho yangu ilikuwa juu.

Mifuko miwili mipya ilipatikana kwa Sunil, mwenye duka la vipuri kule Kahama, aliyeiagiza Nairobi kwa shemeji zake. Fundi wa kuifunga hakupatikana. Alikuja mmoja, akalala chini akatazama, akasimama akajipangusa magoti. Alisema ataling'oa lote na kulifunga springi za lori, vinginevyo hilo gari hajalisomea. Otmar akamshukuru na kumsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alisema tutalitengeneza wenyewe, hapahapa nyumbani.

Siku ya kwanza jeki ilizama kwenye udongo. Uwanja wetu ulikuwa bado umelewa maji ya El Nino, ukisimama kidogo unaacha nyayo. Otmar akasema tuchimbe shimo kama la gereji, aingie chini ya gari akiwa amesimama, mgongo usiteseke. Bujiku, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akikohoa, aliinuka papo hapo.

"Shimo niachie mimi, kaka," alisema.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Bujiku alichimba mpaka kichwa chake kikapotea. Halafu akaenda kukata miti, akaja akaipima kwa mkono wake, akaanza kuisimamisha kwenye kuta za shimo, mmoja mmoja, na mingine akaikaza kwa kulala. Rwamgasa shimo wanaliita duara, na miti ya kushikilia kuta wanaiita matimba. Niliyajua maneno hayo kwa sababu ya Klara. Sasa nikayasikia uwanjani kwangu, mume wangu akiwa juu anapokeza miti na mdogo wake akiwa chini anamwelekeza.

"Huu udongo una maji, kaka. Udongo wenye maji haukuambii kwamba unakuja."

Nikajisemea, basi, mafunzo yameanza. Anamzoeza hapahapa ili wakifika kule asishangae.

Uzalendo ukanishinda wakati wa chakula cha mchana. "Shemeji, unaondoka lini?"

"Bado kidogo. Nimalizie matimba."

"Ni shimo la kubadilishia mpira wa gari. Umechimba la kuzikia ng'ombe."

Otmar aliniangalia vibaya. Bujiku alicheka kidogo, akakohoa, akasema mti mmoja wa upande wa kisimani haujamridhisha. Alasiri ile aliung'oa akausimamisha upya. Kesho yake akaung'oa tena.

Siku Otmar alipochoka kusubiri, tulilisukuma gari mpaka pua yake ikawa juu ya shimo, gurudumu huku na gurudumu huku. Tuliweka mbao chini ya jeki, tukaliinua, tukasimamisha magogo mawili ya msufi chini ya chesisi na vigogo vingine chini ya eksili, kisha tukatoa magurudumu ya mbele. Otmar akashuka shimoni. Bujiku alitaka ashuke yeye. Otmar akamwambia, wewe mashimo unayajua ila gari hulijui.

Kazi ilikwenda kwa kuvutana. Pini za kushikilia mfuko wa zamani zilikuwa zimeliwa na kutu. Nilipitisha mafuta ya taa kwenye chupa, nikapitisha nyundo, nikapitisha kitambaa, nikarudisha nyundo. Otmar alikuwa akisema "nipe ile", na mimi nilipaswa kujua ile ni ipi. Jua lilipanda, jasho likamwingia machoni, akaanza kuugulia mgongo bila kujua kwamba anasikika. Hatimaye mfuko wa kulia ukatoka, umekauka na kuchanika kama kiatu cha mkulima. Akaweka mpya, akafunga paipu yake ya hewa. Nilimletea uji akaunywa akiwa humohumo shimoni, kikombe kikiwa kimewekwa juu ya matimba.

Wa kushoto pia ukatoka. Kabla hajaweka mpya, Otmar akapata wazo. Aliziba paipu ya kushoto kwa kijiti na kipande cha mpira, akasema tuwashe gari kidogo asikilize kama mfuko wa kulia unavuja, asije akamaliza yote ndipo agundue.

"Toka kwanza," nilimwambia.

"Nikitoka nitasikilizaje? Liko juu ya magogo, Mama Vaileth. Litakwenda wapi?"

Sisi tulizoea jeki. Jeki ukiiacha imeinua, imeinua, inakungoja wewe. Wala hatukufikiri kwamba tunashughulika na kitu kinachojiamulia. Bujiku akaingia ndani ya gari, akawasha.

Kompresa ikanguruma. Mfuko mpya ukajaa, na gari likanyanyua bega lake la kulia taratibu, likaacha gogo. Lile gogo, lililokuwa halijabebeshwa kitu tena kwenye udongo ule mlaini, likalala chini polepole. Nilimwambia Bujiku azime, naye akazima. Lakini gari lilikuwa limeshajipima likaona upande mmoja uko juu na mwingine uko chini, na injini ikiwa imezimwa likatoa hewa ili lijisawazishe. Likajishusha pale ambapo hapakuwa na kitu cha kulipokea. Vigogo vya eksili vikateleza, na pua nzima, pamoja na uzito wote wa injini, ikaangukia mdomo wa shimo. Ukingo wa upande wa kisimani ukamomonyoka kwa kishindo kizito, kisha pakawa kimya.

Shimo lilikuwa limefunikwa lote, sioni hata mwanya wa kupitisha mkono. Niliita, "Baba Vaileth." Nikaita tena.

"Nipo," sauti yake ilitoka chini, ndogo. "Sijaumia. Matimba yamekaza. Giza tu."

Niligeuka kumtafuta Bujiku, maana kwa kazi kama ile ndiye mjuzi, ndiye wa kutuambia tushike wapi. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo uliomomonyoka, anachimba kwa mikono. Hakuchukua jembe lililokuwa karibu naye. Alikuwa anakwangua udongo kwa kucha na kuutupa nyuma kati ya miguu yake, na alikuwa anaita.

"Festo. Festo, nijibu."

Hatukuwa na Festo nyumbani kwetu. Nilimshika bega nikamwambia Otmar amejibu, yuko mzima. Hakunisikia. Otmar mwenyewe akasema kutoka chini, "Bujiku, mimi niko salama, acha kuchimba hapo udongo utanijia." Bujiku aliendelea kuchimba na kuita jina lile, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nilipiga yowe. Watu wakaja mbio kutoka mashambani na majumbani, Klara akiwa mmoja wao na ndoo yake bado mkononi. Wanaume walimwondoa Bujiku pale kwa nguvu wakamkalisha kando. Wakaleta miti mirefu, wakaipitisha chini ya bampa, wakapanga mabega kama watu wanaobeba paa la nyumba, wakainua. Sisi wengine tukasukumia magogo chini yake. Otmar akatoka kwa kuburuzwa, kichwa kizima ni udongo, akaomba maji. Akayanywa, akauliza kama mfuko mpya umechanika. Ulikuwa umechanika. Mtu mmoja akasema hilo sasa limelala kifudifudi kabisa, na watu wakacheka kwa ajili ya kushusha pumzi, halafu wakatawanyika.

Tulibaki sisi watatu na Klara, aliyekuwa amekwenda kukaa karibu na Bujiku. Kucha za Bujiku zilikuwa zimeng'oka mbili na damu imechanganyika na udongo. Otmar alijikokota akakaa chini mbele yake.

"Festo ni nani?" aliuliza.

"Mwenzangu." Bujiku aliangalia mikono yake. "Tulikuwa tunashuka pamoja. Udongo ulipokuja mimi nilikuwa nimepanda kufuata maji. Tulimwita siku mbili, kaka. Siku ya kwanza alikuwa anajibu."

Klara aliinamisha kichwa. Nilimwona anafunga kanga yake vizuri, akaifungua, akaifunga tena.

"Mbona hukusema?" Otmar aliuliza. "Wiki zote hizi?"

"Niseme nini? Nilipanga kupumzika kidogo nirudi. Halafu ukaja na habari ya shimo. Nikajiambia nikimaliza hili, nitarudi. Ndiyo maana halikuwa linaisha."

Otmar alikuwa anatetemeka bado, nami nilikuwa nimekaa nyuma yake namwegemeza kwa goti langu, nasikia tetemeko lile linaingia mwilini mwangu.

"Lakini mimi nilikuuliza kama Rwamgasa kuna nafasi ya mtu," Otmar alisema. "Ukaniambia ipo."

"Ipo, kaka. Ni ya Festo."

Hapo hata Klara aliinua uso. Otmar alitazama lile shimo, lililokuwa limefunguka nusu chini ya pua ya gari, na ile miti iliyosimama imenyooka kila mmoja mahali pake. Habari ya Rwamgasa hakuitaja tena siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Nilileta maji ya vuguvugu na chumvi nikamwosha Bujiku mikono, kidole kimoja kimoja. Mwezi mzima nilikuwa namwangalia mtu huyu kama mwizi aliyekuja kunichukulia mume, na alikuwa hana mahali pa kwenda. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba huruma yenyewe ilinijia polepole.

"Shemeji," alisema, bila kuniangalia. "Kama mna shamba, naweza kulima."

Nilimwambia lipo, la mpunga, kule bondeni. Magugu yamefika kiunoni, na mimi na kaka yako hatuna hata nguvu ya kwenda kuliangalia.

Akasema ataanza yeye.