Msalaba Wahama Buswelu

Odeta aliona kwanza mfuo. Jumamosi, akifagia kanisa la Buswelu, aliukuta sakafuni kama wa jembe lililokokotwa, ukitoka ukutani hadi chini ya msalaba wa mninga. Msalaba ulikuwa umesogea kuelekea mlangoni. Alifagia kando ya mfuo, akanyamaza. Kunyamaza alikuzoea tangu alipoacha shule darasa la tano.

Jumapili Mchungaji Maige alihubiri juu ya minofu ya sangara. Alisema milango ya biashara imefunguliwa, ndege zinatua Mwanza kubeba samaki, na ambaye hatajiriki sasa ana pepo. Kila aliposema, "Pokea gari!" waumini waliinua mikono kulidaka. Yesu alitajwa mwishoni, kwa kuwa sala haifungwi bila yeye. Msalaba ukasogea tena. Mzee Chenge alikunja miguu upite.

Nyumbani mama yake Odeta alikuwa kitandani, tumbo limemjaa maji. Zamani, wanaume walipomsaka jirani yao Getruda, wakisema macho yake mekundu ni ya uchawi, mama huyo ndiye aliyewaonyesha njia aliyokimbilia. Getruda hakurudi. Ilikuwa desturi kwamba anayetoka kanisani amletee mgonjwa mahubiri, kama anavyoletewa uji.

"Leo kasemaje?" aliuliza mama. "Kuna msamaha kwa mtu kama mimi?"

"Kasema tupokee magari, mama."

"La kunipeleka wapi, mwanangu?"

Jumapili iliyofuata yalihubiriwa malori. Msalaba ulifika mlangoni, ukatoka. Mchungaji hakukatiza sentensi.

"Uacheni," alisema. "Spika zilikuwa hazina pa kukaa."

Spika zikawekwa pale msalaba ulipokuwa umesimama, na wote walikubali kwamba sauti ilipendeza zaidi.

Msalaba ulikatiza sokoni. Wauza dagaa walivuta magunia yao kuupisha.

"Nao unahamia wapi?" aliuliza mmoja.

"Shoga, ungekuwa unasali pale, ungeuliza?"

Kwa mama yake Odeta mlango ulikuwa mfupi. Msalaba uliinama, ukaingia kwa ubavu, ukasimama kando ya kitanda.

"Karibu," alisema mama. "Ila sogea kidogo, umeziba dirisha."

Ukasogea.

Jioni Mchungaji Maige alikuja kumwona mgonjwa. Odeta alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitafuta pa kutundika koti lake. Alilitundika msalabani. Akaiombea nyumba bati jipya, akamwombea Odeta mchumba mwenye duka.

"Mchungaji," alisema mama, "na msamaha je?"

"Upo, mama Odeta, upo. Lakini tuanze na baraka, mengine yatafuata."

Akavaa koti, akaenda. Haikupita muda zikasikika spika zikijaribiwa kule kanisani: pokea, pokea, pokea. Bati la jikoni lilitetemeka.

Mama alimtazama Odeta. Pumzi yake ilikuwa imekuwa fupi. Msalaba ulisimama kimya. Kuja ulikuwa umekuja, mdomo haukuwa nao.

Odeta alipiga magoti. Ilimbidi apaze sauti kuzishinda spika, yeye ambaye hata sokoni hununua kwa kunyoosha kidole.

"Mama, uliwaonyesha alikokimbilia Getruda, wakamuua. Najua, nilikuwa mlangoni. Yesu alikufa kwa ajili ya hilo pia, akafufuka. Umesamehewa, mama."