Sita ya Mashine

Jumatano asubuhi Ephrasia alikwenda kwenye mashine ya sola kabla hata ya kumsalimu mumewe, na mashine ikamwonyesha tisa. Asilimia tisa. Jumatatu betri ilikuwa sabini, Jumanne arobaini, na leo tisa.

Umeme wa nguzo nao ulikuwa umekatika dakika hiyo hiyo, kama ilivyotangazwa: wiki nzima nguzo za Nshamba zinabadilishwa, saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni. Mvua ilikuwa imelifunga anga, na paneli juu ya bati zilikuwa zinaoshwa tu, hazizalishi cha maana. Na chumbani Wilbert alikuwa anapumua kwa msaada wa mashine nyingine, ile ya oksijeni, inayonguruma kando ya kitanda na kula umeme usiku na mchana. Miaka thelathini ya kukoboa kahawa ilikuwa imeyamaliza mapafu yake. Bila mashine ile angeweza kukaa nusu saa, labda. Ephrasia aliitazama tisa ile akamwona mumewe ndani yake.

Ndiyo maana betri ilipangiwa ichajiwe usiku, umeme ukiwepo. Jumapili fundi Lukmani, kijana wa Bakoba mjini aliyewafungia mfumo mzima, alimwelekeza kwa simu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kisiwani huko Muleba akiwafungia wavuvi taa. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Bonyeza hiki, shuka, bonyeza kile.

"Hapo pa kuanza weka saa sita usiku, mama. Pa kuisha, saa kumi na mbili asubuhi."

Ephrasia aliishia darasa la saba na kitu chochote chenye vitufe kilimtoa jasho. Alibonyeza hivyo hivyo.

"Haya, nisomee," Lukmani akasema.

"Kuanza, sita. Kuisha, kumi na mbili."

"Sawasawa kabisa. Kesho utaikuta imejaa."

Imejaa wapi! Jumatatu alipiga simu, Lukmani akamwomba asome tena, akasoma vilevile, naye akasema basi ni mawingu, mama avute subira. Aliivuta mpaka ikamwishia. Alizima friji. Alizima taa zote, wakawasha mshumaa, nyumba yenye sola na umeme wa nguzo kwa pamoja, ili tu betri isiguswe na kitu kingine.

Leo hakutaka kusoma namba yoyote. "Lukmani, njoo," alisema kwenye simu. "Baba Datius ananifia."

Kijana alikuwa amesharudi Bakoba. Alitoka na pikipiki mvuani, na saa moja kasoro akapiga kusema yuko Kanazi. Ephrasia alimpigia jirani yao Kahigi, mwenye gari, ampeleke Wilbert hospitali. Gari lilikuwa gereji. Dereva mwingine akasema barabara imekuwa tope, asubiri mvua ipungue. Asubiri! Saa mbili mashine ya oksijeni ilitoa mlio mrefu, ikanyamaza, na ukimya ule ulimtisha kuliko kelele yoyote aliyowahi kusikia. Aliuhamishia mpira wa hewa wa Wilbert kwenye mtungi mdogo wa akiba. Mshale wa mtungi ulikuwa karibu na nyekundu. Alipiga magoti na rozari yake, lakini sala zote alizofundishwa tangu utoto zilimpotea, akabaki anasihi kwa kilugha, "Waitu, waitu, waitu."

Lukmani aliingia na matope yake moja kwa moja hadi ukutani kwenye mashine. Alibonyeza mara mbili tatu, akamgeukia.

"Mama Datius, nilisema saa sita usiku."

"Na mimi nikaweka sita. Si hiyo hapo?"

"Na kumi na mbili."

"Na kumi na mbili. Ukasema sawasawa."

Lukmani aliketi sakafuni. Alieleza akitazama viatu vyake. Mashine inaanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Saa sita usiku kwake ni sifuri. Sita yake ni saa kumi na mbili asubuhi, na kumi na mbili yake ni saa sita mchana. Kwa hiyo siku zote hizi ilikuwa inaungoja umeme asubuhi, saa ile ile umeme unapoondoka. Na usiku, umeme umejaa tele kwenye nyaya, ilikuwa inakula betri, maana nje ya saa ilizopangiwa hutumia betri kwanza.

"Kosa ni langu," alisema. "Ulisema sita, na mimi masikioni nikasikia usiku. Sikukuuliza imeandikwaje."

Ephrasia alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kujizaba mwenyewe.

"Umeme ulikuwepo?" Ilikuwa sauti ya Wilbert, kutoka chumbani. Hawakujua kwamba anasikia.

Ephrasia alikimbilia kitandani. "Ulikuwepo, Baba Datius. Usiku kucha."

Wilbert alivuta pumzi tatu kabla ya kupata maneno. "Mimi nilikuwa naizima hii ya oksijeni. Ukisinzia. Navumilia kidogo, naiwasha tena." Akapumzika. "Nilisema tubakize wa asubuhi."

Lukmani alikuwa ameshatoka mbio. Kwa Kyaruzi, mwenye mashine ya kukoboa kahawa, kulikuwa na jenereta. Mafuta ndiyo hayakuwemo, ikabidi arudi sokoni kuyatafuta. Aliporudi saa tano kasoro, jenereta imefungwa nyuma ya pikipiki, Ephrasia alikuwa amesimama mlangoni. Alimwonyesha kwa mkono azime injini.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, Lukmani alizipanga saa za mashine upya huku analia, maana hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Watu wakajaa, wanawake wakalala kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, na usiku hakuna aliyeikumbuka betri.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi umeme ulikatika Nshamba nzima. Nyumba ya msiba ikabaki inawaka. Klaudia, dada wa marehemu, alikuja na simu nane za waombolezaji, akazichomeka zote kwenye soketi za ukutani, akaikodolea mashine macho.

"Wifi, imeandika mia!" alisema. "Huko kote giza, kwenu umeme upo. Kaka yangu alijua kuijali nyumba yake, jamani."

Ephrasia hakuwa ametoa chozi tangu jana. "Chajini," alisema. "Leteni na nyingine. Chajini mpaka iishe yote."

Kisha akaangua kilio, kilio cha kuita jina, mpaka waliokuwa nje migombani wakaingia ndani. Klaudia alidhani ni simu zilizomuudhi, akaanza kuzichomoa, moja baada ya nyingine, akiomba radhi.