Tangi la Bi Faidha

Wiki ile mguu ulipomvimba, Bi Faidha wa Newala, kule kwenye shida ya maji, alikaa ndani akacheza michezo ya kwenye simu ya binti yake Ziada, na kila mmoja akautolea hukumu. Wa magari ulimkera: watu wanakimbia kama wamefiwa, kumbe wanazunguka palepale. Wa kupanga peremende ni wa watu wasio na kazi. Wa shamba ndio aliousifu.

"Lakini mama, mazao yako yote yamekauka," Ziada alimwambia. "Umeshindwa."

"Nimeshindwa nini? Tazama tangi."

Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Siku nne Bi Faidha alichota maji kisimani kwa kidole gumba, bila kumwagilia hata mche mmoja.

"Mahindi tutanunua," alisema. "Maji utamwomba nani?"