Asubuhi ya Barafu Mtaa wa Pecan

Verlene Tolliver alikuwa amekumbatia sanduku la barua la watu, katikati ya mteremko wa Mtaa wa Pecan, hajui aupeleke wapi mguu wa kulia. Mvua ya usiku ilikuwa imeganda juu ya kila kitu. Barabara iling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Watu wa Vicksburg, mji wa kusini kando ya mto, walizoea joto, mafuriko na vimbunga. Barafu ilikuwa mgeni wao.

"Bi Verlene, rudi nyumbani!" Jirani yake, Cleotha, alikuwa kibarazani amejifunga blanketi. "Hata polisi wameegesha magari!"

"Polisi hawapiki!"

"Utavunja nyonga, halafu tuanze kukupikia wewe!"

"Unipikie wewe? Bora nife na nyonga yangu!"

Cleotha akacheka hadi akakohoa.

Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili Verlene akiwa mpishi wa nyumba ya kutunzia wazee, chini ya kilima. Alfajiri muuguzi msaidizi, Denisha, alimpigia simu akilia. Umeme umekatika, wa zamu ya asubuhi hawajafika, jiko haliwaki. Wazee thelathini na mmoja, naye yuko peke yake.

Verlene akatazama juu: hatua kumi tu hadi mlangoni kwake. Akatazama chini: kilima kizima. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa na miaka saba. Akaketi chini, akakunja koti chini ya makalio, akaachia sanduku, akateleza kuelekea chini.

Alilipita gari lililotumbukia mtaroni. Akampita mbwa aliyesimama akimshangaa. Ua wa nyumba ya mwisho ndio uliomzuia. Akajipapasa magoti, akajipapasa kiuno, vyote vizima. Huko juu Cleotha alikuwa akipiga makofi na kupiga yowe.

Njia iliyobaki aliipita pembeni, juu ya nyasi zilizoganda, zikivunjika chini ya viatu na kumpa pa kukanyaga.

Denisha alimpokea mlango wa jikoni, macho yamevimba. "Nimezungusha vishikio vyote vya jiko la gesi, Bi Verlene."

"Umevifunga?"

"Nimevifunga."

Verlene alinusa kwanza. Akafungua dirisha, akasubiri, akanusa tena. Ndipo akawasha kiberiti, akakisogeza, akafungua gesi taratibu. Moto wa buluu ukazunguka. "Cheche zake ni za umeme, binti. Leo lazima tuliwashe kwa mkono."

"Mzee Purvis sukari imeshuka. Nimempa juisi ya mwisho. Chakula baridi anakitema."

"Mlete hapa. Walete wote wanaoweza kukaa."

Viti vya magurudumu vikaingia kimoja kimoja, vikapangwa karibu na joto. Uji mzito wa mahindi ulipoanza kutokota, kikohozi kilitulia kona moja, kisha nyingine. Mzee Purvis, nahodha mstaafu wa meli za mizigo mtoni, aliinamisha kichwa, Verlene akaanza kumlisha. Kijiko cha kwanza kilimmwagikia kidevuni. Cha pili akameza.

"Umetia siagi?" akanong'ona.

"Nimetia."

"Kidogo mno."

Denisha akacheka, huku machozi yanamtoka. Verlene akaongeza kipande. Alipoinua kijiko cha tatu, vidole baridi vya mzee vilifunika vyake, vikapapasa mpini, vikauchukua.

Nje tawi zima lilikatika na kuanguka kwa kishindo. Mzee hakugeuka. Alikuwa akipuliza uji wake upoe.