Fimbo Juu ya Sifuri

Kwanza ilisikika printa. Chelangat alikuwa bado katikati ya ngazi, mlango hajauona, lakini aliisikia ikisaga karatasi, krrii, krrii, kimya kidogo, kisha krrii tena, kama mtu anayekata bati kwa hasira. Alisimama, kiganja ukutani. Mwalimu Johana, aliyegombeza kila mtu aliyepoteza karatasi, alikuwa anachapisha kitu kirefu asubuhi mapema hivyo?

Akasukuma mlango. Mzee alikuwa ameketi kando ya printa, lenzi yake ya mkononi imelala pajani, na karatasi zenye matundu pembeni zilikuwa zimerundikana miguuni pake.

“Chamgei, Mwalimu.”

“Chamgei mising. Usikanyage hizo. Ni programu yetu ya ratiba, yote. Naitoa kwa karatasi kabla mashine haijaenda.”

“Inaenda wapi?”

“Kwa Gitonga. Anataka kuinunua, awe nayo pale dukani, kwa hadwea yake. Anakuja kabla ya mvua kuchukua jibu langu. Na jibu ninalo.”

Chelangat aliweka mkoba wake chini polepole.

Johana alikuwa amefundisha hesabu shule za sekondari mpaka akastaafu. Wenzake walipokwenda kununua ng'ombe, yeye alinunua kompyuta, akaiburuta mpaka chumba hiki cha juu mjini Kericho. Kadi za harusi zililipa kodi ya chumba. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye ile programu: kupangia shule ratiba, ili mwalimu mmoja asitumwe madarasa mawili kwa saa moja. Chelangat alikuja kupiga chapa kadi, na Johana akamfundisha kuiandikia mashine amri, mstari kwa mstari, mpaka binti akawa anaota mistari. Mashine ikienda, angerudi kuchuma chai na mama yake huko Kabianga. Hakuiogopa michai. Alichoogopa ni kuacha kitu kitamu hivi kikiwa nusu.

Na yote yaliletwa na Makori, mwalimu wa fizikia, aliyepanda ngazi hizo juma lililopita akiwa na ratiba mkononi. “Mwalimu, umenipanga Fomu Mbili na Fomu Tatu saa ile ile,” alisema. “Sasa niambie, kichwa kiende wapi na miguu iende wapi?” Walicheka wote, hata Johana. Makori alipoondoka, Johana aliinama mbele ya skrini na lenzi yake kutafuta kosa. Alilitafuta siku baada ya siku, mpaka mistari ikaanza kuogelea. Hakuliona. Jana jioni alifunika skrini kwa kitambaa, akasema neno moja, macho yameisha, akaenda zake.

“Mwalimu, nipe mpaka mvua,” alisema Chelangat.

“Ufanye nini? Uniletee macho mapya?”

“Nikuletee herufi mpya.”

Johana alimtazama, akainua mabega. “Mpaka mvua. Lakini Gitonga akifika, usimlilie.”

Chelangat alianza vibaya. Alikimbilia kile alichokijua, zile herufi nene za mviringo walizotumia kwenye kadi, akaivalisha programu nguo hiyo, akageuza skrini.

Johana aliegemea nyuma. “Hii ni programu ama ni mwaliko wa harusi? Bwana arusi ni nani?”

Mbaya zaidi, nguzo za ratiba zilikuwa zimelegea. Herufi i ilijibana kama mgeni mwenye haya kwenye benchi, m ikakalia nafasi ya watu wawili, na Jumatatu yote ikateleza chini ya Jumanne. Chelangat alichukua rula, akailaza kwenye kioo kutoka juu kwenda chini. Hakuna kilichonyooka.

Rula ile ikamkumbusha fimbo ya mama yake. Mama alikuwa na ufito mwepesi aliokuwa akiulaza juu ya michai. Kilichochomoza juu ya fimbo, kichumwe. Kilicho chini, kiachwe kikue. Ndiyo maana shamba lake lilikuwa sawa kama meza, na ukisimama barabarani uliweza kuona kwa mbali kichaka chenye kasoro. Na herufi ziwe hivyo hivyo, aliwaza Chelangat. Kila herufi ipewe kiwanja kimoja, upana mmoja, nyembamba kwa nene. Kisha kasoro itaonekana yenyewe.

Akarudi kwenye skrini nyeusi ya zamani, ambako herufi zote zina upana sawa. Nguzo zikasimama wima. Akamvuta Mwalimu karibu, akabonyeza alama moja.

“Soma.”

“Mimi si mgonjwa wa macho wa kusomeshwa ukuta.”

“Soma tu, Mwalimu.”

“Moja.”

“Hiyo ni l, ya lala.”

“Ni moja hiyo, Chelangat.”

Chelangat aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Yeye aliyeweza kumtambua mchumaji kwa kilemba chake ng'ambo ya bonde, alitazama moja, akatazama l, na hakuona tofauti. Mguu ule ule, kimo kile kile. Akaweka sifuri na O. Mapacha.

“Hata mimi sioni,” alisema taratibu.

“Usinibembeleze.”

“Haki ya Mungu, Mwalimu, sioni. Si macho yako. Hizi herufi zimevaa sare.”

Kwenye droo kulikuwa na disketi ambayo muuzaji wa Nairobi alimwachia Johana, na hakuna aliyewahi kuifungua kwa dhati. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo ya kuchora herufi upya, nukta kwa nukta, kila herufi ndani ya kiboksi chake. Chelangat aliiita, ikaitika. Skrini ikajaa miraba mitupu kama shamba lililopimwa kabla ya kupandwa.

Akaanza na sifuri. Akaichora, kisha akaikata kwa mstari wa mshazari, kutoka bega hadi nyonga.

Johana alisogeza kiti. “Umeilazia fimbo ya mchuma chai.”

“Ili ijulikane nani ni nani.”

“Basi hiyo moja ipe kofia. Na chini iwekee jiwe la kusimamia.” Kiti kikasogea tena. “Sasa ile l. Ikunje mkia. Hapana, zaidi. Kama mundu. Wewe unaogopa nini? Kunja.”

Walibishana juu ya B na 8 kama watu wanaogawana mpaka. Johana alitaka 8 iwe na kiuno. Chelangat alisema ikibanwa sana itakatika, Johana akasema bora ikatike kuliko kujifanya B. Saa zikapita bila kuombwa. Nje mawingu yalikuwa yanapanga mstari juu ya mashamba, na wao hawakuyatazama.

Kisha wakaifungua programu ya ratiba ndani ya herufi zao mpya.

Johana alisoma akishuka mstari kwa mstari. Lenzi ilikuwa imebaki kwenye kiti kile kingine na hakuiulizia. Ghafla kidole chake kikagota kwenye kioo na kukaa hapo.

Ulikuwa mstari wa kusogeza saa, pale ambapo mashine huambiwa: ukishampa mwalimu kipindi, ongeza moja, umpeleke kinachofuata. Lakini hapakuwa na moja. Palikuwa na l, mkia umekunjwa kama mundu, imekaa hapo bila haya.

“Nani ameandika hii?” aliuliza Johana.

“Ni wewe, Mwalimu.”

“Mimi siwezi kuandika upuzi kama huu.”

“Andika moja. Hapo chini. Haraka, bila kufikiri.”

Kidole cha Johana hakikupanda kwenye safu ya tarakimu. Kilikwenda moja kwa moja kulia, kikabonyeza l. Mzee akakitazama kama mtu aliyemkuta ng'ombe wake mwenyewe ndani ya mahindi ya jirani.

Ile taipureta aliyojifunzia ujana wake, mali ya misheni, haikuwa na kitufe cha moja. Wote waliojifunza kwayo walipiga l mahali pake, na kwenye karatasi hakuna aliyejua tofauti. Kompyuta iliijua. Iliichukua l kuwa jina la kitu kitupu, ikajumlisha hewa, na saa ya Makori haikusogea hata kidogo.

“Kumbe ni kidole,” alisema Johana. Akacheka, akapiga meza, akacheka tena mpaka akavua miwani kufuta macho. “Nimeyatukana macho yangu juma zima, kumbe mwizi ni kidole.”

Miguu mizito ilipanda ngazi. Gitonga aliingia amevaa koti la mvua, funguo za pikapu mkononi.

“Mwalimu, gari iko chini. Nimeshusha misumari yote nipate nafasi.”

“Basi ipandishe tena. Jibu ni hapana.”

“Si ulisema macho imeisha?”

“Macho yapo. Nilikuwa na kidole kimoja cha mkoloni.”

“Tukate hiyo kidole basi, nibebe mashine.” Gitonga alijichekea, akainama kwenye skrini. “Na sifuri yenu, nani ameichapa fimbo?”

“Huyu,” alisema Johana, na kidevu chake kikaelekea kwa Chelangat.

Gitonga alitikisa kichwa, akaagana nao kwa mkono, akashuka akiwahi mvua. Haikumngoja. Iliangukia mabati yote ya mji kwa pamoja, na Johana akarudisha kiti chake mbele ya mashine. Alipanda kwenye safu ya tarakimu, akaitafuta moja kwa jicho, akaibonyeza. Kisha akaendelea kushuka akisoma kwa sauti, mwalimu yuleyule wa zamani, akiishinda mvua: Makori, Jumatatu, Fomu Mbili. Makori, Jumatatu, kipindi kinachofuata, Fomu Tatu.

Akakwama.

“Hii ni tano ama ni S?”

Mkono wake ulijisogeza kuelekea kile kiti chenye lenzi, ukasita njiani, ukarudi kupumzika juu ya meza. Chelangat aliinama karibu naye. Alama ile ilikuwa imekaa katika kiwanja chake, mgongo umejikunja, haijaamua iwe nani.

“Kesho asubuhi hiyo tano itakuwa na bega, Mwalimu,” alisema. “Nakuahidi.”